NYUMBA YETU: Kijana Achoraye Milima kwa Kishikwambi

Mama mmoja wa Lushoto ametuletea barua yenye mambo mawili. La kwanza, mwanawe wa miaka 16 kila amalizapo sala ya Alasiri hushika kishikwambi akachora milima na misitu, na baba yake amemkataza kwa kuwa amesikia kuchora ni haramu. La pili, kijana mwenyewe asononeka kwa kuwa picha zake, ingawa rangi zake zapendeza, zaonekana kama kitambaa kilichotundikwa ukutani, hazina umbali. Tutajibu yote mawili, Inshaallah, na twaanza na la baba.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, naye hufanya mataswira. Ibn Abbas akamsimulia onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), na yule mtu akafazaika hata uso ukambadilika. Ndipo akamwambia kwamba ikiwa hana budi, achore miti na kila kisicho na roho. Na aingiaye Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa zama za Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik baina ya mwaka 706 na 715, huona kutani nakshi za vijiwe vya rangi zenye mito, miti mikubwa na majumba, wala hamna mtu wala mnyama ndani yake. Basi twamwomba baba asimfungie kijana mlango huo. Amshurutishe tu asiikawize Magharibi.

Sasa tuje kwako, mwanetu. Panda Irente asubuhi moja, usichukue kishikwambi, utazame tu. Msitu ulio karibu nawe una vivuli vyeusi kabisa. Ukingo wa mlima ufuatao, vivuli vyake vimekwisha kuingia ubuluu. Na kule nyikani mbali, huwezi kupambanua mti na kivuli chake. Sababu ni hewa: mwanga wa jua upitapo hewani, ule wa buluu hutawanyika zaidi kuliko mwekundu, na kadiri hewa izidivyo baina ya jicho na mlima ndivyo pazia hilo lizidivyo kuwa zito. Lakini shika hili, maana ndilo liwapotezalo wengi: weusi hupotea kabla ya kitu kingine. Apakaye mlima wa mbali buluu, kisha akauachia vivuli vyeusi, amechora mlima wa karibu wenye rangi ya ajabu.

Kwa hiyo, muda wa mwezi mmoja, usitumie rangi. Tumia kijivu peke yake. Programu kama Krita, ipatikanayo bure, hukuwezesha kuitenga picha katika matabaka, mfano wa vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tabaka la mbali liwe chini, kwa kijivu hafifu mno. La kati lifuate. Na weusi mtupu usiuruhusu ila katika tabaka la karibu. Brashi moja pana yakutosha. Zipo brashi zipigazo majani mia kwa mguso mmoja, nasi twaziona kuwa hasara kwa mwanafunzi, kwani huijaza picha kabla jicho halijajua mwanga watoka wapi. Wala usilikuze jani likajaa kioo kizima, ukalihangaikia saa nzima. Iache picha iwe ndogo kama kadi ya posta mpaka umbali wake usomeke. Ukiwa na kibodi, bonyeza herufi M, na Krita itakugeuzia picha kama katika kioo cha kujitazamia: mlima ulioinama, uliokwisha kuuzoea, utauona mara moja.

Rangi zitakaporudi, anza na tatu au nne. Na jihadhari na mawingu meupe ya upeoni: hayo hayawi buluu kama milima, bali huelekea manjano, kwa kuwa sehemu ya buluu yake imetawanyika njiani.

Utakapotuandikia tena, tuletee kwanza picha ya kijivu.