Kompyuta na Rubani: Nani Mwenye Kauli ya Mwisho?

Wengi wetu huingia ndani ya ndege tukidhani kwamba rubani huiongoza kama dereva aongozavyo gari. Katika ndege nyingi za leo sivyo. Mkono wa rubani hupeleka ombi kwa kompyuta, nayo kompyuta ndiyo iamrishayo vipande vya mabawa na mkia visogee. Hapo huzuka swali: wawili hawa wakihitilafiana, kauli ya mwisho ni ya nani?

Watengenezaji wawili wakubwa wamelijibu kwa njia mbili. Airbus, tangu ndege yake ya A320 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1988, imeweka mipaka ambayo katika hali ya kawaida rubani hawezi kuivuka. Hata akiuvuta mpini hadi mwisho, kompyuta haitaruhusu ndege ilale upande kupita nyuzi 67, wala pua yake ipande kupita nyuzi 30. Boeing, katika ndege yake ya 777, nayo iliweka mipaka, lakini rubani akiongeza nguvu kwenye usukani huivuka.

Kila upande una hoja. Tarehe 15 Januari 2009, A320 iligongana na bata bukini juu ya New York, na injini zote mbili zikaishiwa nguvu. Rubani aliiteremsha katika mto Hudson, huku kompyuta ikisaidia kuizuia isipoteze uwezo wa kuelea. Watu wote 155 walisalimika. Kwa upande mwingine, mwaka 1985 Boeing 747 ya China Airlines iliporomoka zaidi ya futi 30,000 juu ya bahari ya Pasifiki. Rubani aliivuta kwa nguvu iliyozidi kiwango ilichoundiwa. Mkia uliharibika, lakini ndege ilitua salama San Francisco.

Ajabu ni kwamba msiba uliotugusa sisi wa Afrika Mashariki ulitokana na ndege ya kampuni ile inayosifika kwa kumwachia rubani madaraka. Boeing 737 Max ilitiwa mfumo uitwao MCAS, wenye kazi ya kuishusha pua pindi inapopanda mno. Mfumo huo ulitegemea kihisi kimoja tu, ingawa ndege ina viwili. Tena, marubani hawakuelezwa katika vitabu vyao kwamba upo. Oktoba 2018, kihisi kilipotoa taarifa za uongo, ndege ya Lion Air ilizama baharini Indonesia pamoja na watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ikafuata ya Ethiopian Airlines, iliyoondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Watu 157 walifariki, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa taifa lolote lingine.

Kufikia siku hiyo marubani walikwisha kupewa maelekezo ya dharura. Wale wa Addis Ababa walizima swichi za umeme kama walivyoelekezwa, lakini ndege ilikuwa na mwendo mkali mno hata gurudumu la kuirekebisha kwa mkono halikuzungushika.

Basi, kwa maoni yangu, kuuliza nani mkubwa hakutoshi. Madaraka bila maarifa ni jina tupu: anayeambiwa kuwa yeye ndiye msimamizi, kisha akafichwa kilichomo ndani ya nyumba, atasimamia nini? Ndege hiyo iliporuhusiwa tena nchini Marekani, Novemba 2020, mfumo ulikuwa umebadilishwa: hulinganisha vihisi vyote viwili, na hauwezi tena kumshinda rubani nguvu. Marubani nao walitakiwa kufundishwa upya. Marekebisho hayo yangewezekana kabla ya abiria wa kwanza kupanda. Familia za watu 346 waliofariki zinastahili kuuliza kwa nini yalisubiri makaburi.