Nani ameuza hewa ya Isangi?

"Wazungu wamenunua hewa yetu." Neno hili unalisikia hapa Kisangani, Kongo ya Kidemokrasia, kila biashara ya kaboni inapotajwa, nami nalipinga. Kinachouzwa ni tani ya hewa ya ukaa ambayo ingetoka endapo msitu ungekatwa. Ardhi haiuzwi pamoja nayo: Kanuni ya Misitu ya 2002 inaitaja misitu kuwa mali ya Serikali, na mnunuzi hapati hata mche.

Hofu ya watu, hata hivyo, ina mizizi. Mradi wa REDD+ wa Isangi, yaani wa kulipwa ili msitu usikatwe, ulizaliwa ndani ya eneo la kampuni ya mbao, Safbois, iliyoungana na Jadora ya Marekani. Aliyepewa kibali cha kukata ndiye aliyelipwa kwa kuahidi kutokata. Kijiji ambacho mababu zake wamezikwa humo kinaitwa "mfaidika", neno linalonikera, kwa sababu mfaidika hungoja kugawiwa. Kwa hiyo wanaosema fedha itashuka kijijini yenyewe nao wanakosea. Fedha hufuata hati. Tangu dekreti ya 2014, jamii inaweza kupewa msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Kijiji kianze kwa kupata hati hiyo, kisha ndipo kiongee bei ya kaboni, kikiwa muuzaji.

Neno jingine: "Hesabu zote za kaboni ni uongo." Nyingi zilitiwa chumvi, kweli. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa miradi 26 katika nchi sita, Kongo ikiwemo, na mingi haikuonekana kupunguza ukataji. Kosa lilikuwa katika kukisia msitu ungeangamia kiasi gani bila mradi. Basi msitu wa mradi ulinganishwe na msitu jirani unaofanana nao, mwaka hadi mwaka, na malipo yafuate tofauti hiyo.

Neno la mwisho ndilo linaloniuma: "Wapigeni marufuku wachoma makala." Makala, yaani mkaa, yanaingia mjini kwa baiskeli kwa sababu jikoni hakuna umeme wa kutegemea, ilhali maporomoko ya mto Tshopo yamo humu humu mjini, na bwawa lake la umeme limejengwa tangu enzi za Wabelgiji. Mama wa mtaa wa Makiso lazima apike leo. Mradi unaomnyima makala bila kumletea umeme naukataa, hata ukiwa na mihuri yote ya Ulaya.