UZI: Ngumi kwenye hoki ya barafu zipigwe marufuku, na sababu zenu zote nimezisikia

1/
Wadau, leo siongelei presha wala sukari. Naongelea hoki ya barafu. Najua wengi wenu barafu mnaijua ya kwenye friji. Lakini ndugu zetu walioko huku Kanada wana watoto wanaocheza, na kila wiki naulizwa: "Dada nesi, hivi ni kawaida wale kupigana?" Jibu ni ndiyo, ni kawaida. Na shida iko hapo hapo.

2/
Kwa wasioujua mchezo: watu wanateleza kwenye barafu kwa viatu vyenye makali, fimbo mkononi, wanagombania kisahani cha mpira mgumu. Kwenye ligi kuu, NHL, wawili wakitaka kuzichapa wanatupa glavu chini, wanashikana jezi, wanatwangana usoni. Waamuzi wanasubiri pembeni mpaka mmoja aanguke au wachoke. Adhabu ni dakika 5 nje, kisha unarudi kucheza. Soma tena: UNARUDI KUCHEZA. Kwenye soka hiyo ni kadi nyekundu. Mtaani hiyo ni polisi.

3/
Februari 15, 2025, Montreal, Kanada na Marekani, mashindano ya 4 Nations. Sekunde 9 za kwanza, mapambano matatu. Video ilizunguka mpaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, watu wanacheka. Siku tano baadaye timu hizo hizo zikakutana Boston kwenye fainali. Kombe liko mezani. Hakuna aliyetupa glavu. Kanada ikashinda 3-2 kwa goli la Connor McDavid muda wa nyongeza. Sasa niambieni, kama ngumi ni roho ya mchezo, mbona siku yenye maana kuliko zote hakuna aliyezihitaji?

4/
Tuje kwenye kazi yangu. Ubongo ni laini, na unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Ngumi ikitua kwenye taya, kichwa kinageuka ghafla, ubongo unachelewa kidogo halafu unafuata kwa kishindo. Chukua yai, litikise kwa nguvu. Ganda zima, ndani kumevurugika. Ndiyo maana "si wamevaa helmeti?" hainishawishi. Helmeti inazuia fuvu kupasuka, haizuii ubongo kutikisika. Na hapo bado hatujaongelea kuanguka. Huyu mtu amesimama juu ya vyuma viwili vyembamba, na chini ni barafu ngumu kama sakafu ya saruji.

5/
Don Sanderson alikuwa na miaka 21, akichezea Whitby Dunlops huko Ontario. Desemba 2008 alipigana, helmeti ikamtoka, akaanguka, kichwa kikagonga barafu. Januari 2, 2009 akafariki. Haikuwa ajali ya mchezo hiyo, maana kisahani hakikuhusika, wala goli. Mchezo ulikuwa umesimama ili vijana wawili wapigane.

6/
Halafu kuna wanaokufa polepole. Timu zilikuwa na watu walioajiriwa hasa kwa ajili ya kupigana, niwaite mabaunsa wa barafuni. Derek Boogaard alikuwa mmoja wao. Alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28, baada ya kuchanganya pombe na dawa kali za maumivu. Ubongo wake ulipochunguzwa Boston ukakutwa na CTE, ugonjwa wa ubongo uliochakaa kwa kugongwa mara kwa mara. Bob Probert alifariki 2010 akiwa na miaka 45. Naye alikutwa na CTE. Na ugonjwa huu huthibitishwa baada ya kifo tu. Mgonjwa akiwa hai, familia inaona hasira, usahaulifu, huzuni na chupa. Wanasema "amebadilika siku hizi".

7/
Mtasema hao ni wawili tu. Haya. Mwaka 2023 watafiti walichapisha ulinganisho wa mabaunsa wa NHL na wachezaji wenzao wa zama zile zile. Idadi ya waliofariki haikupishana sana, nasema ukweli wote. Kilichopishana ni umri: mabaunsa walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Na sababu za vifo vyao ni zile zile tunazozijua: dawa kupita kiasi, kujiua, magonjwa ya ubongo, ajali za magari. Miaka kumi, jamani. Hiyo ni kumuona mtoto wako akimaliza shule au kutomuona.

8/
Hoja yao kubwa: "Ngumi zinalinda mastaa. Ukimchezea rafu staa wetu, baunsa anakusubiri." Sawa. Sidney Crosby ni staa kuliko mastaa. Januari 2011 aligongwa kichwani katika mechi mbili ndani ya siku chache, akakosa msimu wote uliobaki. Ligi ilikuwa na mabaunsa wakati huo. Walimlinda na nini? Ngumi inakuja baada ya rafu, wakati mgonjwa tayari yuko chini. Huo ni ulipizaji kisasi, na kisasi hakijawahi kurudisha ubongo mahali pake. Kinachozuia rafu ni mwamuzi mkali na kufungiwa mechi.

9/
Hoja ya pili: "Ni watu wazima, wameridhia." Mimi ni nesi, neno ridhaa nalijua vizuri. Kabla ya upasuaji mgonjwa anaelezwa hatari zote, kwa lugha anayoielewa, ndipo anasaini. Bila hapo si ridhaa, ni karatasi tu. Sasa mkuu wa NHL, Gary Bettman, kwa miaka mingi amegoma kukubali kwamba uhusiano wa mchezo huu na CTE umethibitishwa. Wachezaji wastaafu waliishtaki ligi, na mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 18.9, bila kukiri kosa lolote. Unaridhiaje hatari ambayo bosi wako anakwambia haipo? Na unakataaje, wakati ukikataa kupigana kuna kijana mwingine nje anaisubiri nafasi yako?

10/
Na wale ambao si watu wazima je? Ligi kubwa za vijana Kanada zinachukua watoto kuanzia miaka 16. Mwaka 2012 ligi ya Ontario iliweka kikomo: ukipita mapambano 10 kwa msimu, unafungiwa. Baadaye wakashusha mpaka 3. Nawapongeza kwa kushusha, lakini hebu tafakari maana yake: kuna wazee walikaa kwenye kikao wakakadiria mtoto apigwe kichwani mara ngapi kwa msimu kabla hawajakasirika. Quebec wao mwaka 2023 wakaamua: ukipigana, unatoka. Mchezo haukufa. Kumbe inawezekana.

11/
"Mashabiki watakimbia." Wapi? Fainali ya Olimpiki 2010 pale Vancouver, Kanada na Marekani, Crosby akafunga goli la ushindi, nchi nzima ikalipuka. Kwenye Olimpiki mpiganaji anatolewa nje, na bado ile ni moja ya mechi zinazopendwa kuliko zote katika historia yao. Hata NHL yenyewe, miaka ya 1980 ilikuwa karibu pambano moja kila mechi. Leo mechi nyingi zinaisha bila ngumi hata moja, na viwanja vinajaa.

12/
Hata nyumbani mchezo umefika. Nairobi kuna Ice Lions, na Kenya iliingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu mwaka 2024. Vijana wale watacheza kimataifa kwa sheria ambayo mpiganaji hamalizi mechi. Wataupenda mchezo huu kwa kasi na ufundi wake. Hakuna atakayewaambia wamepungukiwa.

13/
Ninachotaka ni sheria ya mstari mmoja: ukitupa glavu, umemaliza mechi, na inayofuata unaitazama kwenye TV. Kwa wote, kuanzia watoto mpaka NHL.

14/
Wakati wakubwa wanajivuta, wewe mzazi una la kufanya. Kabla hujalipa ada ya msimu, muulize kocha: mtoto akipigwa kichwa, nani anaamua kama anarudi uwanjani? Kama jibu ni "tutaona", rudisha pochi. Na mtoto akigongwa kichwa, HARUDI kucheza siku hiyo, hata akilia. Akitapika tapika, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akapoteza fahamu, akapata degedege, mboni za macho zikatofautiana ukubwa, au akawa mgumu kuamka: hospitali ya dharura, sasa hivi, usisubiri asubuhi.

15/
Manesi ndio tunaomulika tochi kwenye yale macho kila saa, usiku kucha, wakati waliokuwa wanashangilia wamelala. Kwa hiyo mkituambia "ndiyo burudani yenyewe", vumilieni tukiwajibu kwa ukali. Hoja mnazo? Leteni hapo chini. Matusi pelekeni kwingine. Sambaza kwa mzazi yeyote mwenye mtoto kwenye barafu.