Nani Bado Ameishika?

Mwuza dagaa wa chisense wa Kashikishi, Zambia, anayelipwa kwa simu hajui, wala halazimiki kujua, kwamba kwacha zake zinapita juu ya Linux, kiini cha mfumo wa simu. Lakini kila simu ya Android, mpya au ya mtumba, inaendeshwa na kiini hicho, na usalama wake unategemea kazi ambayo wakaguzi wa msimbo huipitisha harakaharaka: kufagia kazi ikiisha, yaani kurudisha kumbukumbu iliyotumika.

Tazama yaliyoipata Binder, sehemu ya kiini inayopitisha ujumbe kati ya programu za Android. Uzi, yaani tawi la kazi ndani ya programu, ulipoaga, Binder iliachilia kumbukumbu yake papo hapo. Epoli, mlinzi aliyekuwa akisubiri habari za uzi huo, akabaki na anwani ya zamani. Siku ya kujiondoa akaandika kwenye kumbukumbu isiyo yake tena. Ni kibanda cha sokoni kupewa mpangaji mpya huku wa zamani angali na ufunguo. Mhalifu aliyejua kupanga vitu vyake humo mapema aliweza kuitwaa simu nzima.

Syzkaller, chombo cha Google cha kupima kiini, kiliikuta hitilafu hiyo Novemba 2017. Februari 2018 ikarekebishwa kwa mistari michache: kabla ya kuachilia, waondoe wanaosubiri. Kosa kubwa, kwa maoni yetu, lilifuata hapo. Rekebisho liliingia bila namba ya CVE, inayotambulisha udhaifu wa usalama, kana kwamba ni ufagiaji wa kawaida, na simu kadhaa zikasahauliwa: Samsung S8, Huawei P20, Xiaomi Redmi 5A. Oktoba 2019 ndipo Project Zero, timu ya usalama ya Google, ilipotangaza kwamba kuna dalili za watu kushambuliwa kupitia ufa uleule.

Mkaguzi asiridhike kuona kumbukumbu imeachiliwa. Aulize nani bado ameishika. Jibu likiwa la kusitasita, rekebisho hilo ni la usalama: liitwe hivyo, na lipelekwe hadi matoleo ya zamani. Tangu Februari 2024 watunzaji wa Linux wanatoa namba za CVE wenyewe, tena kwa wingi hadi wengine wanalalamika. Waache walalamike.

Nawe msomaji, fungua Mipangilio, halafu Kuhusu simu, utazame tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya kabla ya tarehe 6 Oktoba 2019, hamishia laini yako ya pesa kwenye simu nyingine.