Pumu Isiyotulia: Je, Mtoto Anahitaji Sindano Mpya?

Mama mmoja, msomaji wetu, ameleta swali ambalo bila shaka linawasumbua wengi. Binti yake wa miaka 13 ana pumu, na mwaka huu amelazwa mara tatu. Usiku mama hulala nusu, sikio liko chumba cha mtoto. Jirani amemwambia kuwa Ulaya kuna sindano inayomaliza pumu. Anauliza: auze shamba ampeleke?

Pole sana, mama mpenzi. Kabla ya kuuza shamba, soma haya.

Ni kweli sindano hizo zipo. Ya kwanza, omalizumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Zimefuata nyingine, kama mepolizumabu na dupilumabu, na sasa baadhi hutolewa kwa watoto kuanzia miaka 6. Mtoto mwenye mzio ana kingamwili nyingi iitwayo IgE. Akivuta vumbi au manyoya ya paka, IgE huchochea njia za hewa zivimbe na kubana. Omalizumabu huishika IgE hiyo kabla haijaleta madhara. Sindano hupigwa chini ya ngozi kila baada ya wiki 2 au 4.

Lakini hazimalizi pumu. Hupunguza mashambulizi, na mtoto huendelea na pampu yake. Baada ya miezi 4 hivi daktari huangalia kama zinasaidia, zisiposaidia, huziacha. Bei yake ni kubwa mno, na hospitali nyingi za kwetu hazina.

Hata huko Ulaya mtoto hapigwi sindano hizi kabla daktari hajachunguza mambo fulani. Wewe nawe yachunguze nyumbani:

1. Je, ni pumu kweli? Kifua kikuu, au kitu kilichonasa kwenye njia ya hewa, huweza kufanana na pumu. Mwulize daktari.

2. Anatumia pampu gani? Ile ya bluu hufungua kifua kwa saa chache tu, haitibu uvimbe. Inayotibu uvimbe ni pampu ya kinga yenye steroidi, nayo hutumiwa kila siku, hata mtoto akiwa mzima. Wengi wetu huiacha akipata nafuu, tukiogopa kuwa atazoea. Hazoei. Akiiacha, uvimbe hurudi kimyakimya.

3. Anavutaje? Dawa ikipulizwa mdomoni moja kwa moja, nyingi huishia kooni. Madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa kusaidia. Toboa kitako, ingiza mdomo wa pampu ubane vizuri. Mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa, upulize mara moja, avute pumzi taratibu mara tano au sita. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

4. Nani anahakikisha? Binti wa miaka 13 huona haya mbele ya wenzake, husahau, au husema ametumia kumbe bado. Usimgombeze. Iwekeni pampu karibu na mswaki, atumie ukiwapo.

5. Moshi uko wapi? Asilale karibu na jiko la kuni au mkaa. Na baba akivuta sigara, zungumza naye kwa upole, kwa ajili ya mtoto.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka rangi, au pampu ya bluu isiposaidia, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali, huku ukiendelea kumpa pampu hiyo njiani.

Fanya haya kwa miezi mitatu bila kuruka siku. Watoto wengi hutulia bila sindano yoyote. Asipotulia, basi pumu yake ni kali kweli. Omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Hapo ndipo habari ya sindano inapozungumzwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Shamba libaki, mama. Anza na pampu leo usiku.