Kosa la muuguzi, deni la serikali: hukumu mbili kuhusu wodi za wazazi

Hukumu mbili zilizotolewa katika nchi mbili jirani, Kenya mwaka 2018 na Uganda mwaka 2020, zimeacha swali ambalo bado halijapatiwa jibu kamili katika hospitali za umma za Afrika Mashariki. Mama anapotendewa visivyo wodini, nani awajibike? Je, ni muuguzi aliyesimama mbele yake, au ni serikali iliyomweka muuguzi huyo pale bila vifaa na bila wenzake wa kutosha?

Shauri la Kenya lilitokana na tukio la Agosti 2013 katika hospitali ya umma ya Bungoma, magharibi mwa nchi. Mama mmoja aliyelazwa ili ajifungue alitakiwa kununua mwenyewe pamba na dawa ya kuchochea uchungu. Saa yake ilipofika, vitanda vya chumba cha kujifungulia vilikuwa vimejaa. Akajifungulia sakafuni, akapoteza fahamu. Alipozinduka alijikuta akipigwa makofi na kutukanwa na wauguzi, kisha akaamriwa ainuke na kurudi kwa miguu huku amebeba kondo la nyuma. Mtu aliyekuwapo alirekodi mkasa huo kwa simu, na picha hizo zikaonyeshwa kwenye televisheni.

Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamua kwamba haki ya mama huyo ya kupata huduma ya afya na haki yake ya kuheshimiwa utu zilikiukwa. Aliamriwa kulipwa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya na kuombwa radhi rasmi. Lakini mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ilisema pia kwamba serikali kuu na serikali ya kaunti hazikutenga rasilimali za kutosha wala hazikusimamia ipasavyo sera ya uzazi bila malipo, sera iliyotangazwa Juni 2013, miezi miwili tu kabla ya tukio lenyewe.

Nchini Uganda njia ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 2011 shirika la kutetea haki za afya, CEHURD, pamoja na walalamikaji wengine, lilifungua shauri la kikatiba kufuatia vifo vya akina mama wawili, mmoja katika hospitali ya Mityana mwaka 2009 na mwingine, aliyekuwa diwani, katika hospitali ya Arua mwaka 2010. Walalamikaji walidai kwamba wanawake hao waliachwa bila huduma ya dharura ambayo ingeokoa maisha yao. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ililitupa shauri hilo kwa hoja kwamba mambo ya bajeti ya afya ni ya wanasiasa, si ya majaji. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe. Hatimaye, Agosti 2020, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba serikali iliposhindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ilivunja haki ya kuishi na haki ya afya. Iliagiza fedha za kutosha zitengwe, watumishi wafunzwe, vituo vipatiwe vifaa, na familia zilipwe fidia.

Kesi hizi mbili zina jambo moja linalofanana. Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, na Kenya ikafuta ada ya uzazi mwaka 2013. Neno «bure» lilitamkwa na viongozi, lakini anayelazimika kulitekeleza ni muuguzi wa zamu, mara nyingi akiwa peke yake usiku. Wagonjwa wanapoongezeka na glavu zikaisha, yeye ndiye anayemweleza mama kwamba huduma ni ya bure ila pamba ikanunuliwe dukani. Mama hamwoni waziri wala mhasibu wa kaunti. Anamwona muuguzi, na hasira yake yote humwangukia huyo.

Hata hivyo, uhaba haupaswi kugeuzwa ngao ya kila kosa. Hapa ndipo panapohitaji kutenganishwa makosa ya aina mbili. Kuna kile ambacho muuguzi hawezi kutoa kwa sababu hana: kitanda, damu, mganga wa upasuaji. Na kuna kile anachokizuia ilhali anacho: salamu, maelezo, ukweli, mkono wa kumwinua mgonjwa. Upungufu wa vitanda unaeleza kwa nini mama wa Bungoma alijifungulia sakafuni. Haukuweza kueleza kofi. Kadhalika, muuguzi anayedai malipo ya siri kwa huduma iliyolipiwa na kodi hawezi kujitetea kwa mshahara mdogo, kwa kuwa anayemtoza ni maskini kuliko yeye.

Kanuni za kazi zipo. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 1953, na toleo la 2021 linasisitiza utu na haki za mgonjwa. Kenya na Uganda kila moja ina baraza la wauguzi lenye uwezo wa kumfutia leseni mkosaji. Uganda ilichapisha mkataba wa haki za wagonjwa mwaka 2009, Kenya mwaka 2013. Kinachokosekana ni njia ya mama wa kijijini kulifikia baraza hilo. Malalamiko yake huanzia kwa mkuu wa wodi ileile atakayorudi kujifungulia mtoto wa pili. Ndiyo maana kesi ya Bungoma ilihitaji picha ya simu ili isikike.

Muuguzi mwadilifu naye yumo katika mtego. Maadili yanamtaka aseme pale usalama wa mgonjwa unapohatarishwa. Lakini akiwaeleza waandishi wa habari kwamba wodi haina glavu, anaweza kuadhibiwa kwa kuzungumza bila idhini. Basi hunyamaza, na kunyamaza kwake huonekana kuwa ni ukatili.

Ni haki kukiri kwamba hali imesonga mbele. Takwimu za kitaifa za Uganda zinaonyesha kuwa vifo vya uzazi vilipungua kutoka 438 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2011 hadi 189 katika ule wa 2022. Lakini takwimu hizo huhesabu waliokufa tu. Aliyetoka wodini akiwa hai na amedhalilishwa hayumo.

Hukumu zote mbili zilielekea upande mmoja: kosa la mtu haliifuti dhamana ya serikali. Upande wa pili wa hoja hiyo nao ni wa kweli, kwamba deni la serikali halimfutii mtu kosa lake. Hatua za kuanzia hazihitaji bajeti kubwa: orodha ya huduma za bure ibandikwe mlangoni mwa wodi kwa lugha inayosomeka, malalamiko yapokelewe na mtu asiye wa wodi hiyo, na muuguzi anayetoa taarifa ya upungufu alindwe kisheria. Zisipochukuliwa, mahakama zitaendelea kuamua, miaka mingi baadaye, kuhusu makosa ambayo yangeweza kuzuiwa usiku uleule yalipotendeka.