Style1, style2, style3... hayo ni majina au namba za jezi?

Leo siongelei boom wala UE. Naongelea majina.

Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaotengeneza kurasa za wavuti hapa chuoni. Mtu anafungua programu, anabofya bofya, programu inamwandikia msimbo wote, ukurasa unang'aa, basi anarusha kwenye grupu apongezwe. Ingia ndani sasa! Klasi zinaitwa style1, style2, mpaka style47. (Kwa wasiojua: klasi ni lebo unayobandika kwenye kipande cha HTML ili faili la CSS lijue kipande hicho kivae nini.) Muulize style31 ni ya nini. Hajui.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Dreamweaver za miaka ya 2004 na 2005 ukipaka neno rangi nyekundu zilikuwa zinakutungia .style1 bila hata kukuuliza. Word nayo, hifadhi kazi yako kama HTML uone inavyomwaga MsoNormal kila aya. Siku hizi akili bandia inakujazia mt-4, flex, p-6 za Tailwind mstari mzima, na wewe unashangilia.

Watetezi wanasema: "Kivinjari hakijali jina, mradi kitu kinaonekana." Kweli, hakijali. Ila kivinjari hakitakuja kurekebisha huo ukurasa mwakani. Atakuja mdogo wako wa mwaka wa kwanza.

Kuna chama kimoja cha wanafunzi nakifahamu, uongozi unabadilika kila mwaka. Wapya wakifungua faili hawaelewi kitu, wanafuta, wanaanza upya. Kila wakianza upya, past paper zilizokusanywa na waliotangulia zinapotea. Hasara anaila nani? Ni fresher wa Mbagala asiye na bando wala pa kuulizia.

Sasa sisi ni walimu watarajiwa. Mwalimu anayeita "wewe wa dawati la tatu" atapotea siku watoto wakibadilishana viti. Na anayeita "wewe mwenye sweta la kijani" naye atapotea mtoto akihama shule. Ndiyo maana hata jina kama maandishi-mekundu ni bovu: kesho mkitaka bluu, jina linageuka uongo. Wanaoandika kanuni za HTML wenyewe wanashauri klasi ieleze kitu ni nini, siyo kinaonekanaje. Iite onyo. Iite tarehe-ya-mtihani. Konda wa Tandika anaita "Tandika!", haiti "gari la tatu!"

Tena iite kwa Kiswahili, nani kakukataza? Mlimani pale, mradi wa Kilinux ulitafsiri OpenOffice, Jambo OpenOffice ikatoka 2004. Sisi tunashindwa kuandika "kichwa-cha-habari"? Herufi zetu ni a mpaka z, CSS haina shida nazo. Mitego ni mitatu tu. Ukiacha nafasi, "tarehe ya mtihani" inakuwa klasi tatu, kwa hiyo weka kistari. Usianze na tarakimu: 4b itakusumbua kwenye CSS, andika kidato-4b. Na ng' yenye ritifaa inavuruga CSS, kwa hiyo andika ngombe tu, ng'ombe mwenyewe hatakasirika.

Sisemi tuache zana. Zana inayokusaidia kwenye jina ULILOTUNGA WEWE haina neno. CSS Modules kwa mfano, wewe unaandika onyo, yenyewe inaongeza mkia wa herufi ili lisigongane na onyo la faili jingine. Sawa kabisa. Na mwenye Tailwind, kile kipande unachokirudia mara kumi kiweke pamoja ukipe jina moja. Ninachopinga ni zana kukubatizia mtoto wewe ukiwa umelala.

Kwa hiyo msimamo wangu: zana isiyokuuliza jina, ibadilishie majina yake kabla hujarusha ukurasa. Badilisha kwenye HTML na kwenye CSS, kote kote, la sivyo mtindo unakatika. Ni kazi ya jioni moja. Anayeona jioni moja ni nyingi, asijiite mtengenezaji, ni mbofyaji.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo, ila asije na style48.